Kosa Uwezalo Kuliona

BARAZA YA JUMAMOSI
Na Salim Mwinyikombo

Tangu vijana waanze kuzirudia kamera za filamu, ambazo sisi wa umri wetu tulidhani zimekwisha kuzikwa pamoja na kanda za kaseti, swali ninaloulizwa mara nyingi si la bei, wala si la filamu ipi iliyo bora, bali ni hili: mtu anunue kamera ya fokasi ya mkono, ambayo mwenyewe huzungusha pete ya lenzi mpaka uso anaoutaka uonekane wazi, au anunue ile iliyokuja baadaye, ambayo ukikigusa kifyatulio hujitafutia fokasi yenyewe kwa mota? Rai yangu ni kwamba anayeanza na achukue ya mkono. Walakini sababu yangu si ile waitoayo wapenzi wa vyuma vya kale, ya kwamba taabu humfunza mtu adabu, kwani hiyo naiona ni ghururi tupu, na taabu isiyo na faida haijapata kumfunza mtu kitu.

Yafaa kwanza tuifanyie mashine insafu. Mwaka 1977 Konica ya Japani iliitoa C35 AF, kamera ya kwanza yenye fokasi ya kujiendesha kuundwa na kuuzwa kwa wingi, na ndani yake mlikuwa na kifaa kilichobuniwa na kampuni ya Honeywell ya Marekani. Na ilipofika 1985 Minolta ikaleta 7000 yake, ambayo mota na kitambuzi vyote vimetiwa katika kiwiliwili cha kamera, washindani wake wakabaki kuitazama kwa kijicho. Honeywell ikaenda mahakamani kudai haki ya uvumbuzi wake, na mwaka 1992 Minolta ikalazimika kulipa zaidi ya dola milioni 127, fedha ambazo hazilipwi kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Ajabu ni kwamba mashine na jicho huifanya kazi hii kwa ilimu moja. Katika kamera kama Canon AE-1 au Nikon FM2, katikati ya kioo cha kutazamia mna duara dogo lililokatwa nusu mbili: nusu moja hupokea mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi, ya pili ule uliopita upande wa pili, na kitu kisipokuwa katika fokasi nusu hizo huachana, mlingoti wa jahazi ukaonekana umevunjika kati, hata uizungushe pete mlingoti uunge. Kitambuzi kilichofichwa chini ya kamera ya mota hulinganisha pande hizo hizo mbili, ila hupima kwa umeme kile ambacho wewe ungekipima kwa jicho. Ndiyo maana hata udhaifu wao ni mmoja: kanzu nyeupe isiyo na darizi wala kunjo huwashinda wote wawili, kwa kuwa hapana mstari wa kushika, na Minolta ile ya 1985, yenye kitambuzi kimoja tu cha katikati, ilipata dhiki mbele ya mistari iliyolala, mpaka mpiga picha aigeuze wima kwanza.

Basi hitilafu yao haimo katika kupima, imo katika kukusudia. Chukua lenzi ya milimita 50, ifungue tundu lake hadi 1.8, mwelekezee bibi harusi aliyeketi umbali wa mita moja na nusu: kina chote kitakachokuwa kikali katika picha ni kama sentimita 10, na ndani ya nafasi hiyo mna jicho, mna kipini cha puani, mna ua la jasmini lililochomekwa mbele ya sikio. Mashine itashika lile lenye mstari ulio dhahiri zaidi, yaani aghalabu ua, nawe hutajua. Mwenye kamera ya kidijitali angetazama kioo cha nyuma akapiga tena. Mwenye filamu hungoja mpaka isafishwe, na hapo harusi imekwisha na wageni wametawanyika. Kwenye kamera ya mkono kosa hilo hilo huwa mbele ya jicho lako kabla hujafyatua, na ukiliacha lipite, umeliacha kwa ridhaa yako. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Watu wengine hudhani watapata yote mawili kwa kununua kamera ya mota kwa bei rahisi, kisha wakaizima mota na kuzungusha wenyewe. Nawapa hadhari. Kioo cha kutazamia cha kamera hizo aghalabu hakina lile duara lililokatwa, tena kimetengenezwa king'ae kwa lenzi za kuza zenye tundu dogo, kikafidia mwanga kwa kuficha ukungu. Na pete ya lenzi zao huzunguka kidogo mno, imelegea, kwa kuwa ilitengenezwa ili mota dhaifu iweze kuivuta haraka. Afadhali Nikon za mota, ambazo zimebaki na mdomo wa lenzi wa tangu 1959, ukizivisha lenzi ya zamani zitakuwashia kitone kukujulisha kwamba fokasi imefika. Canon mwaka 1987 iliubadili mdomo wake moja kwa moja, na wenye lenzi za awali wakaachwa pwani.

Na kwa jua letu la saa saba mchana ugomvi huu wenyewe hupungua nguvu. Filamu ya 200, tundu la 11, lenzi ya milimita 35 iliyowekwa kwenye mita 3: kila kitu tangu chini ya mita 2 hata kupita mita 12 kitakuwa kikali kiasi cha kutosha, bila mota wala pete. Hata Pentax, ilipotoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024, haikutia mota. Iliandika alama sita za umbali kwenye lenzi, ikamwachia mtu akisie.

Siwadharau waliochagua mota. Anayepiga picha za watoto wakicheza mpira, na anayelipwa kupiga sherehe za usiku, na mtu wa makamo ambaye macho yameanza kumpa udhuru, hao wote wainunue bila haya. Wajue tu kwamba betri ikifa kamera imekufa, ilhali FM2 huendelea kufyatua bila betri, ikapoteza kipima mwanga peke yake.

Nawe uliyechagua ya mkono, kabla hujatoa fedha fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, tazama bango lenye maandishi, ziunganishe zile nusu mbili, kisha usome umbali kwenye pete na uupime kwa futi kamba. Bango likiwa mita 4 na pete ikasema 6, jua kuna kitu ndani kimehama mahali pake. Na muuzaji akikwambia si neno, mrudishie kamera yake.