Mfereji, Mto na Mtaro: Tuanze na Kazi, Jina Lifuate

Ni desturi katika somo la jiografia kwa mwalimu kuandika ubaoni kwamba Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na watoto wakakariri. Lakini mtoto wa Kariakoo ajuavyo, mfereji ni njia ya maji machafu ipitayo kando ya nyumba yao. Asipofafanuliwa, atashangaa meli hupitaje humo. Kosa hilo ni letu sisi walimu.

Maoni yetu ni kwamba kila njia ya maji iulizwe maswali matatu: Nani aliichimba? Inachukua nini? Inaishia wapi? Mfereji hutambulikana kwa swali la kwanza, maana umechimbwa na watu, uwe wa meli au wa kumwagilia mashamba. Njia ya maji ya viwanda hutambulikana kwa swali la pili: hupitisha malighafi na bidhaa. Suez ni vyote viwili. Mlango wa Bandari ya Dar es Salaam ni hori ya asili iliyoongezwa kina. Hupitisha shehena za viwanda, lakini si mfereji. Mtaro wa Kariakoo umejengwa na watu, ila kazi yake ni kuondoa maji ya mvua.

Sasa tufike Jangwani. Msimbazi haukuchimbwa na mtu. Ni mto utokao vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Hata hivyo, kwa miaka mingi viwanda na nyumba vimeufanya njia ya taka. Mtoto akiuita mtaro, mwalimu asinyamaze. Mtaro hauna bonde, mto unalo, na mvua ikizidi hulidai. Mwezi Desemba 2011 mto huu ulilidai bonde lake: watu walikufa, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande.

Basi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, siku isiyo na mvua, wapelekeni wanafunzi kwenye mtaro ulio karibu na shule. Wasimame pembeni, wachore, kisha wafuatilie kwenye ramani: je, maji haya yanaishia Msimbazi, au hori ya Gerezani? Darasa likibishana juu ya swali hilo, somo limeanza. Suez itasubiri kipindi kijacho.