Mzigo wa Baba wa Safari ya Pikipiki



Mvua za masika zikishakatika, wainjilisti wetu huanza safari za mbali. Wapo wanaokwenda mbugani kule Kiteto na Simanjiro, kulala siku tatu au nne mahali pasipo na nyumba ya wageni. Wengine ni mabwana mifugo au watu wa chanjo. Baba hupanga ratiba, lakini mzigo wake mara nyingi hufungwa na mama. Kwa hiyo leo nazungumza nawe, si naye.

Sisi wanawake tuna kawaida ya kupima upendo kwa ukubwa wa furushi. Tunaongeza sufuria kubwa, kigoda, na dumu la maji la lita 20. Lakini pikipiki si Land Rover. Dumu hilo likijaa ni kilo 20, na likifungwa juu kabisa ya keria, huko nyuma ya tairi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Usukani unacheza, na penye mchanga au mlima baba hawezi kuiongoza. Wodini tumepokea majeruhi ambao hawakuwa na mwendo mkali hata kidogo. Mzigo ndio uliowaangusha.

Basi vitu vizito vikae chini, karibu na mpandaji, tena sawasawa pande zote mbili. Shona mifuko miwili ya turubai ya kuning'iniza ubavuni. Badala ya dumu moja kubwa, tia madumu mawili ya lita 5, moja kila upande. Godoro jembamba la sponji, blanketi (usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kali) na turubai, hivyo ndivyo vya kupanda juu ya keria.

Na Biblia za kugawa? Karatasi ni nzito kuliko tunavyodhani. Wapo wanaoona si heshima kuziweka chini, pembeni mwa tairi. Mimi naona heshima ni zifike kavu, zimefungwa ndani ya nailoni.

Someni pamoja kitabu cha pikipiki, uzito wa mwisho umeandikwa humo. Kumbuka unamhesabu na mpandaji. Baba wa kilo 85 ameshakula sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla hujatia hata kijiko.

Kwa kufungia, vipande vya tyubu kuukuu ni vizuri sana. Ile mipira yenye ndoano za chuma ina hatari: ikichomoka wakati wa kuivuta hupiga jicho. Pasiwe na ncha ya kamba wala pindo la blanketi linaloning'inia, maana likinaswa na mnyororo au spoku, gurudumu husimama ghafla. Upande wa ekzosi usiweke nailoni, itayeyuka. Akishakwenda kilometa moja au mbili, asimame akaze tena, kwa sababu mzigo hushuka kwa mitikisiko.

Mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Gizani mtu mwenye kiu hachungulii. Aliyeyanywa asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike. Apelekwe hospitali mara moja.

Chandarua chenye dawa kiwe juu kabisa ya mzigo, pamoja na kamba zake, ili kitoke kabla giza halijaingia. Mbu wa malaria huuma usiku. Kiwe kipana cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro.

Tia pia bandeji, sabuni na pakiti chache za dawa ya kuharisha ya kuchanganya na maji. Akiungua mguu kwa ekzosi, amwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipake dawa ya meno wala unga. Na kofia ngumu ni ya kichwani, si ya kuning'iniza kwenye usukani.

Mkubaliane mapema kuhusu safari ya kurudi. Wenyeji ni wakarimu, watampa kuku, asali, pengine na mbuzi. Asali ya kopo dogo aichukue. Mbuzi amwache kwa mzee wa kanisa, atafuata na gari la mnada.