Mgonjwa Aliyevujishiwa Siri Zake Alipwe

Mwezi Oktoba mwaka 2020 maelfu ya watu nchini Finland walipokea barua za vitisho. Mwandishi wa barua hizo, ambaye hakujitaja jina, alimweleza kila mmoja wao kwamba anayo mikononi maelezo yote aliyoyatoa faraghani mbele ya mtaalamu wa tiba ya akili, na akamtaka alipe yuro 200 katika muda wa saa 24. Atakayechelewa angedaiwa yuro 500. Atakayekataa kabisa, maelezo yake yangeanikwa hadharani. Waliotishwa hivyo hawakuwa matajiri wala wakubwa wa serikali. Walikuwa wagonjwa wa kampuni ya tiba iliyoitwa Vastaamo, na miongoni mwa majalada yaliyoibwa yalikuwamo hata ya watoto.

Mwizi huyo alikwisha kuiingia hazina ya kumbukumbu za Vastaamo tangu mwaka 2018. Majalada ya wagonjwa wapatao 33,000 yalikuwa yamewekwa katika kompyuta iliyofikika kwa njia ya intaneti pasipo kufuli la maana. Kwanza alimdai mwenye kampuni bitikoini 40, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya yuro 450,000 hivi. Aliponyimwa, aliwageukia wagonjwa wenyewe. Mtu aliyekwenda kutibiwa huzuni ya kufiwa, au aliyemsimulia mganga wake mambo ambayo hata mwenzake wa ndoa hayajui, akajikuta anauziwa siri yake mwenyewe.

Yaliyofuata yanastahili kutazamwa kwa makini na kila mwenye kujali haki. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Vastaamo ikafilisika. Mwezi Desemba mwaka huo huo mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Finland ikaitoza faini ya yuro 608,000, kwa kosa la kutolinda majalada na kosa la kutoarifu juu ya uvamizi uliotokea Machi 2019. Yaani faini ilitozwa maiti, miezi kumi baada ya mazishi! Mwezi Aprili 2024 mahakama ya wilaya ikamhukumu mshtakiwa wa udukuzi ule kifungo cha miaka sita na miezi mitatu, kwa makosa yaliyojumuisha zaidi ya majaribio 20,000 ya kutoza watu fedha kwa vitisho. Naye akakata rufani.

Sheria, basi, haikulala. Lakini faini ya aina hiyo huingia katika hazina ya dola, na kifungo hakimrudishii mtu siri iliyokwisha kusomwa na walimwengu. Mgonjwa aliyetaka fidia kutoka kwa kampuni alipaswa kupanga foleni mbele ya mfilisi, pamoja na wadai wengine wote. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa sheria nyingi za namna hii duniani: zimeandikwa kwa ajili ya kumwadhibu mkosaji, na yule aliyekosewa ameachwa pembeni kama shahidi wa kesi ya watu wengine.

Wapo wanaoutetea utaratibu huo. Husema kwanza kwamba mgonjwa hakupoteza hata senti moja, hivyo alipwe nini? Hii ni hoja ya mtu anayeuona utu kwa jicho la daftari la hesabu. Mwanamke ambaye jirani zake wamejua kwamba ana virusi vya UKIMWI hakuibiwa fedha. Kijana ambaye mwajiri wake amesoma kwamba aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili hakuibiwa fedha. Lakini wa kwanza anaweza kukosa ndoa, na wa pili akakosa kazi, na wala hakuna atakayewapa barua yenye kueleza sababu. Mateso ya namna hiyo hayana stakabadhi.

Pili husema kwamba hospitali nayo imeibiwa, kwa hiyo iko upande mmoja na mgonjwa. La hasha. Mgonjwa hakuchagua kompyuta wala kufuli lake. Alitakiwa kusema kila kitu ili atibiwe, naye akasema. Aliyepokea amana ndiye mwenye kuulizwa amana iko wapi.

Hoja zote mbili zilikwisha kujibiwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika hukumu yake ya tarehe 14 Desemba 2023. Shauri hilo lilitoka Bulgaria, ambako taarifa za mamilioni ya watu ziliibwa mwaka 2019 kutoka mamlaka ya mapato. Mahakama ilisema kwamba kuvamiwa peke yake si ushahidi wa uzembe. Hilo ni jambo la haki. Lakini ikasema pia kwamba mwenye kutunza taarifa ndiye abebaye mzigo wa kuthibitisha kuwa aliweka ulinzi uliofaa, na kwamba hawezi kujinasua kwa kusema tu kuwa wizi ulifanywa na mtu mwingine. Zaidi ya hayo, hofu ya mtu kwamba taarifa zake zitatumiwa vibaya inaweza kuwa madhara yanayostahili fidia. Hukumu hiyo inaugusa moyo wa jambo lenyewe, kwani mgonjwa atajuaje mlango upi wa hospitali uliachwa wazi? Funguo hakuwa nazo yeye.

Marekani, nchi inayojigamba kwa wingi wa mawakili, iko nyuma katika hili. Sheria yake ya siri za wagonjwa ya mwaka 1996 haimpi mgonjwa haki ya kufungua kesi kwa kuitegemea. Hupeleka malalamiko kwa wizara ya afya na kungoja. Anayetaka fidia hulazimika kutafuta upenyo katika sheria za jimbo lake.

Katika Tanzania milango ipo, na ni mingi kuliko wagonjwa wanavyodhani. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za afya katika fungu la taarifa nyeti, na taasisi inayoivunja yaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 5. Mgonjwa anaweza kupeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Anaweza kudai fidia. Na asiporidhika anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Lakini mlango kuwapo ni jambo moja, na mnyonge kuufikia ni jambo jingine. Aliyetibiwa katika hospitali ya Serikali, hata ya wilaya, akitaka kufungua shauri la madai lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na aende Mahakama Kuu. Mkulima wa Nachingwea au mvuvi wa Ukerewe atayajulia wapi hayo? Naye muda haumngoji: madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida hufa baada ya miaka mitatu. Mtu asiyearifiwa kwamba jalada lake limeibwa anaweza kuimaliza miaka hiyo akidhani siri yake ingali kabatini.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kudaiwa ni taarifa. Hospitali iliyovamiwa imwambie mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni nini kimechukuliwa na lini. Kuiarifu Tume peke yake hakutoshi, na tangazo lililobandikwa ubaoni nyuma ya mlango wa masjala si taarifa. Jambo la pili ni kwamba Tume na mahakama zilisome neno madhara kwa upana wake. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2019, imetamka kwamba madhara ni pamoja na mateso ya moyo yasiyohusu fedha. Uganda nayo, mwaka huo huo, ilimruhusu aliyefadhaishwa kwenda mahakamani kudai fidia. Hakuna sababu ya machozi ya Mtanzania kuwa na thamani ndogo kuliko ya jirani zake.

Hapa huzuka hoja ya tatu, nayo ina uzito kuliko zile mbili: kwamba hospitali zikilipa fidia, fedha za dawa zitaishia kwa mawakili. Ni kweli kwamba hospitali ya umma si kampuni ya kuchuma faida, na fidia ya kuifilisi zahanati haimsaidii mtu. Lakini bajeti iliyopata fedha za kununulia kompyuta haiwezi kukosa fedha za kuzilinda. Zamani mkazi wa mjini aliweza kununua karanga zilizofungwa kwa karatasi iliyotoka katika faili la ofisi fulani. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa karatasi moja. Leo uzembe wa mtu mmoja unatoa majalada 33,000 kwa usiku mmoja. Waliozileta mashine hizo kwa mbwembwe na picha za uzinduzi wasianze kulia ukata siku ya kujibu maswali.

Wagonjwa nao wasiende mmoja mmoja. Kanuni za mwenendo wa madai, Amri ya I Kanuni ya 8, zinaruhusu watu wachache, kwa idhini ya mahakama, kuwashitakia wenzao wengi wenye dai moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Hatua ya kuanzia haihitaji hata wakili: ni barua kwa uongozi wa hospitali, kuuliza ni taarifa zipi za mgonjwa zinatunzwa, nani aliziona, na kama zimewahi kuvuja. Nakala yake ipelekwe kwa Tume, na nyingine, iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, mgonjwa abaki nayo.