Kuzima Mashine Si Kuitenga na Nishati

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hii yawahusu sana mafundi wa viyoyozi na feni za kupitishia hewa, kwani mashine iliyonyamaza hudhaniwa kuwa imekufa, kumbe imepumzika tu. Kiyoyozi kinachoongozwa na themostati hujizima chumba kipoapo, na hujiwasha chenyewe joto lipandapo, hata kama mkono wa fundi umo ndani yake.

Kuzima ni kuisimamisha mashine. Kutenga ni kuinyima uwezo wa kuanza tena. Fundi hana budi kukata umeme kwenye swichi kuu ya mashine, kuifunga kwa kufuli yake mwenyewe, kutundika kibao chenye jina lake, na kukaa na ufunguo mfukoni. Mafundi wakiwa watatu, kufuli nazo ziwe tatu.

Hata hapo hatari haijaisha. Kapasita hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Mwanafunzi na akokotoe: kapasita ya mikrofaradi 40, ikichajiwa kwa volti 325, ambazo ndizo kilele cha umeme wa volti 230, huhifadhi jouli 2 hivi. Mshtuko wake waweza kumwangusha fundi aliye juu ya ngazi. Basi chaji hiyo iondolewe kwanza kupitia rezista. Feni kubwa nayo huendelea kuzunguka kwa nishati mwendo yake, na upepo waweza kuizungusha upya. Gesi ya kupozea iitwayo R-22, katika nyuzi 30 za sentigredi, ina kanieneo inayozidi mara 10 ile ya hewa.

Mwisho ni kuhakikisha. Kipima umeme kijaribiwe penye umeme, kisha kwenye mashine, kisha tena penye umeme. Maana kipimo kibovu nacho husema kwamba umeme haupo.

Wapo wanaolalamika kuwa utaratibu huu hupoteza muda. Dakika chache zaweza kufidiwa. Kidole kilichokatwa hakiwezi. Marekani ilitoa kanuni ya kufunga na kuweka vibao mwaka 1989, lakini kufuli haihitaji kusubiri kanuni.

Wanafunzi wetu hukariri darasani kwamba nishati haipotei, bali hubadilika umbo. Twawasihi walimu waihamishe kanuni hiyo hadi karakana: kabla bisibisi haijashikwa, kila mwanafunzi aeleze nishati yote ya mashine iko wapi, na ataitengaje. Asiyeweza kujibu asiifungue.