Kwenye kilio tunachanga wote, kwenye feti deni ni la mtu mmoja

LUBUMBASHI – Noeli inakaribia, na katika komini za Katuba, Kenya na Kampemba matayarisho yameanza. Watu wanatafuta viti vya kukodi, wanajaribu bafle, wanahesabu kreti za Simba. Kila anayetaka kufanya feti nyumbani kwake anajiuliza: marafiki watakuwa wangapi? Mimi nauliza swali lingine: nani atalipa?

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Mwaka jana nilialika marafiki ishirini kwangu, usiku wa kuamkia bonane. Mshahara haukutosha. Nikaenda kwa banki lamberi, yule mkopeshaji wa mtaani, nikachukua dola 100 ili nirudishe 150 mwisho wa Januari. Tulikula kuku, samaki tomson na mchele, tukanywa mpaka asubuhi. Ilipofika tarehe 4 Januari, sikukuu ya mashujaa wa uhuru, nyumbani kwangu kulibaki unga wa bukari peke yake.

Kisha masomo yakaanza tena. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado tunalipa. Mdogo wangu, ambaye mimi ndiye namlipia, alirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Kati ya wale ishirini, hakuna hata mmoja aliyepiga simu.

Wengine watanijibu: "Maisha ni magumu, acha watu wafurahi hata siku moja!" Nakubali. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kucheka na rafiki zake. Sipingi feti. Napinga feti ya kujionyesha, ile inayofanywa ili kesho kwenye avenyu waseme fulani ni mtu mkubwa.

Wengine watasema: "Kualika watu halafu kuwaomba walete chakula ni haya." Haya gani? Kukiwa na kilio katika lupango, nani anaona haya? Huyu analeta unga, yule makala, mwingine franka zake, na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Tunajua vizuri kwamba familia moja haiwezi kubeba mzigo ule peke yake. Basi kwa nini kwenye huzuni tunachanga, lakini kwenye furaha tunakuja mikono mitupu, tunakula na kunywa, halafu tunamwachia mwenye nyumba deni?

Ba mama wa soko wametutangulia. Likelemba yao wanaianza mapema, kidogo kidogo, na Desemba ikifika kila mmoja ananunua kuku wake bila kupiga magoti mbele ya mkopeshaji. Sisi ba papa, wenye mishahara na kelele nyingi, tungeenda kujifunza kwao.

Mwaka huu kwangu tutakuwa kumi, na kila mmoja atakuja na chungu chake. Bibi yangu atapika bukari na lengalenga. Mama jirani, ambaye Januari ile alitupatia kopo la mafuta bila kuombwa, ndiye wa kwanza kualikwa. Rafiki atakayekataa kuja kwa sababu hakuna bia ya bure, abaki kwake salama.

Minervali ya muhula wa pili nimekwisha kuilipa.