Mazungumzo ya Nyumbani: Taabu za Mtu Aachaye Jani la Kratomu



Mwezi huu nataka tuzungumze habari za jani liotalo mbali na kwetu. Walakini mafundisho yake yako karibu sana na milango yetu. Liko swali ambalo walimu huulizwa mara nyingi na watu waliokusudia kuacha ulevi. Husema, "Mbona nilipokuwa nikitumia nalikuwa mzima, na sasa nimeacha naugua? Je, si ishara ya kuwa kitu kile kilikuwa dawa yangu?" Swali hili si la kipuuzi, wala halijibiwi kwa kukemea. Na tulitazame kwa mfano wa jani la kratomu, kwa maana ndani yake jambo lenyewe laonekana wazi.

Katika nchi ya Thailand, iliyoitwa Siam hapo zamani, na katika Malaysia na Indonesia, kuna mti wa misituni ulio jamaa ya mbuni wetu wa kahawa. Wathai huuita kratomu, na Wamalay huuita ketumu. Tangu zamani wakulima, wavuvi na wagema mpira wameyatafuna majani yake, au kuyachemsha na kunywa maji yake machungu, ili wapate kustahimili jua na kazi nzito. Kidogo chake huchangamsha kama kahawa. Kingi chake hutuliza maumivu na kumlegeza mtu, mfano wa kasumba. Hata wako waliokuwa watumwa wa kasumba, wakalishika jani hili ili waiache. Wakatoka katika nira moja wakaingia katika nyingine.

Serikali ya Thailand ililipiga marufuku mwaka 1943, kisha ikaliondoa katika orodha ya madawa ya kulevya mwaka 2021. Sheria iliyofuata mwaka 2022 yakataza kuwauzia watoto chini ya miaka 18, na wanawake wenye mimba au wanyonyeshao. Katika Marekani na Ulaya nako limefika, likiuzwa kama unga, vidonge, na dawa zilizokamuliwa zenye nguvu kuliko jani lenyewe. Basi mtu asidhani ya kuwa kitu kikiwa halali kuuzwa, hakiwezi kumfunga anunuaye.

Kwa maana chafunga kweli. Mwaka 2014 wataalamu wa Malaysia walitangaza habari za watu 293 waliokuwa wakitumia ketumu siku zote kwa muda uliopita miezi sita, nao waliona ya kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wamefungwa vikali. Walipokosa jani au kuliacha, misuli iliwauma na kuwakaza, usingizi ukawatoka, macho yakatiririka machozi na pua makamasi. Wengine waliharisha, wakaona joto la homa, wakapoteza hamu ya chakula. Na rohoni mlikuwa na hasira, huzuni, hofu, na kutotulia mahali pamoja. Aghalabu taabu hizi huanza siku ya kwanza au ya pili, zikawa kali kwa siku chache, kisha zikapungua katika muda wa juma moja hivi. Lakini kukosa usingizi na tamaa ya kurudia huweza kudumu zaidi.

Sasa, kwa nini mtu augue kwa kuacha? Mungu ameweka katika ubongo wa mwanadamu mahali pa kupokea vitulizo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, ili maumivu yasitushinde. Dawa kubwa iliyomo katika jani hili, iitwayo mitrajinini, huingia mahali pale pale, kama ifanyavyo kasumba, ijapokuwa si kwa nguvu ile ile. Ikija kila siku, mwili huizoea na kujipanga upya kwa ajili yake.

Fikirini nyumba ambayo jirani huiletea maji kila asubuhi. Mwisho watoto wa nyumba ile huacha kwenda kisimani, mitungi yao hupasuka, na njia ya kisimani huota nyasi. Siku jirani asipokuja, nyumba nzima hulia kiu. Je, kiu ile yaonyesha ya kuwa hakuna kisima? La, hasha. Kisima kipo, ila njia haina budi kufyekwa tena, na watoto kujifunza tena kubeba mitungi. Ndivyo ulivyo mwili wa mtu aliyeacha. Jani lilifunga tumbo, sasa tumbo lafunguka kupita kiasi. Jani lilituliza maumivu, sasa maumivu yanarudi kwa nguvu. Jani lilituliza moyo, sasa moyo hautulii.

Basi jibu la swali letu ndilo hili: mtu huyu akilirudia jani, kweli atapata nafuu, lakini nafuu hiyo si kupona. Jani linamwondolea ugonjwa ambao lenyewe ndilo lililouleta, na kesho litadai tena. Wana wa Israeli walipokwisha kutoka Misri, waliikumbuka nyama na vitunguu vya nchi ya utumwa wao, wakatamani kurudi. Hatusemi ya kuwa jangwa lao lilikuwa rahisi. Twasema tu ya kuwa ugumu wa jangwa haukuifanya Misri kuwa nchi njema.

Sasa nasema nanyi mlio nyumbani kwa mtu wa namna hii. Wengi wamerudi nyuma kwa sababu ya maneno ya nyumbani kwao. Mume akikasirika upesi siku zile, mke na ajue ya kuwa ni mwili unaolia, na ajibu kwa upole, bila kukubali kupigwa wala kuonewa. Watoto wasimcheke. Wazee wa kanisa wasikimbilie kusema ya kuwa ameingiwa na pepo, au ya kuwa imani yake ni haba. Yule Msamaria mwema hakuanza kumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ile. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia gharama.

Mpeni maji ya kutosha. Akiharisha, chukueni lita moja ya maji safi, mtie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Apate chakula chepesi, kazi ndogo ya mchana, na mtu wa kuketi naye usiku usingizi unapomkataa. Ombeni pamoja naye, wala msimwache apigane peke yake.

Tena apelekwe kwa mganga wa hospitali. Wako wanaoshauriwa kupunguza kidogo kidogo badala ya kukata ghafula, na wako wanaopewa dawa za kuwashikiza. Hilo si kukosa imani. Katika Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni watu waliofungwa na heroini, iliyo mtoto wa kasumba, nao wengi wamesaidika. Mwanamke mwenye mimba asiache peke yake bila ushauri, kwa maana mtoto naye huzoea tumboni. Wako watoto waliozaliwa na mama watumiao kratomu, wakatetemeka na kulia bila kunyamaza mpaka wakatibiwa.

Neno la mwisho ni onyo, nanyi walimu lishikeni sana. Taabu za kuacha kratomu huumiza, lakini ni mara chache kumwua mtu. Pombe si hivyo. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikata ghafula, huweza kutetemeka siku ile ile, akashikwa na kifafa, na katika siku ya pili hata ya nne akaona vitu visivyokuwapo na kupotewa na akili. Asipotibiwa huweza kufa. Kwa hiyo mkimwambia mwanafunzi wa ubatizo aache gongo leo, mwambieni pia njia ya hospitali, na ikiwezekana mwende naye. Tumemwita mtu atoke katika kifungo. Haifai tumwache mlangoni.

Mungu wa faraja na awe pamoja na nyumba zenu zote.

Mimi ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu wa Katekisimu