Mstaafu wa Kisiwani Si Mtalii

Machi 19, 2020, serikali ya Hispania iliamuru hoteli za kitalii nchi nzima zifungwe ndani ya siku saba. Kisiwa cha Tenerife kilikuwa kimeshaonja machungu ya korona. Mwezi mmoja kabla, daktari mmoja wa Kiitaliano alikutwa na virusi akiwa likizoni katika mji wa Adeje, na hoteli aliyofikia ikawekwa karantini ya siku 14 pamoja na mamia ya wageni waliokuwa ndani. Safari hii watalii walitakiwa kurudi kwao, na ndege zikawasomba hadi fukwe zikabaki tupu. Lakini kuna maelfu ya wageni ambao hawakupanda ndege. Hawakuwa na pa kurudi, maana kwao ni hapo hapo kisiwani.

Hao ni wazee wa Kiingereza, Kijerumani na mataifa mengine ya kaskazini mwa Ulaya waliouza nyumba zao Manchester au Hamburg wakanunua chumba na sebule Los Cristianos au Puerto de la Cruz. Pensheni inaingia kila mwezi, baridi yabisi inatulia kwa jua, na maisha ni nafuu kidogo kuliko walikotoka. Hispania peke yake ina zaidi ya wastaafu 100,000 wanaolipwa pensheni ya serikali ya Uingereza. Wenye kuwatazama kwa mbali huwaona kama watu wa likizo isiyoisha. Na ni dhana hiyo, kwamba mzee wa kigeni ufukweni ni mtalii aliyekawia tu, iliyowagharimu wakati wa dhiki. Serikali za pwani yetu ya Afrika Mashariki zinapaswa kuiacha kabla nazo hazijaumbuka.

Hali ya dharura ilitangazwa Machi 14. Kutoka nje kuliruhusiwa kwa chakula, dawa, hospitali na kazi zisizoweza kufanyika nyumbani. Mwenye mbwa alimtembeza peke yake, karibu na mlango. Ndani ya gari aliruhusiwa mtu mmoja. Faini ilianzia euro 601, ambazo kwa mzee wa pensheni ndogo ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Mabwawa ya kuogelea kwenye majengo ya makazi yalifungwa, na ufukweni hakukukanyagwa.

Fikiria maana yake kwa mjane wa miaka 74 anayeishi ghorofa ya nne. Bahari anaiona kila asubuhi kutoka roshani yake, tena jua linawaka vizuri kabisa, lakini kushuka hawezi. Mazoezi yake ni kutoka jikoni hadi kwenye roshani na kurudi. Kahawa ya saa nne na wenzake, ambayo ndiyo ilikuwa inampa sababu ya kuvaa na kuchana nywele, imekufa kwa sababu mkahawa umefungwa. Kihispania chake ni cha kuagizia chakula na kusalimia. Taarifa ya habari ikisomwa haraka haimfikii. Akitaka kujua leo kimeruhusiwa nini, anampigia simu jirani naye amuulize mwingine. Ilikuwa Mei 2, baada ya wiki saba, ndipo watu wazima waliporuhusiwa kutembea kwa zamu, na wenye zaidi ya miaka 70 wakapewa saa nne hadi saa sita mchana na saa moja hadi saa mbili usiku.

Vifo ndivyo vilivyouma zaidi. Mwishoni mwa Machi, mazishi Hispania yaliwekewa kikomo cha ndugu watatu, na matanga yakapigwa marufuku, awe marehemu amekufa kwa korona au kwa moyo. Mwenyeji wa Tenerife angalau alikuwa na hao watatu. Mstaafu ambaye watoto wake wako Leeds au Bremen aliweza kuzikwa bila hata mtoto mmoja kando ya kaburi.

Virusi vyenyewe havikuvivamia visiwa vya Canary, Tenerife kikiwamo, kwa ukali ulioonekana Madrid. Visiwa hivyo vilikuwa miongoni mwa maeneo ya Hispania yaliyoathirika kidogo. Kilichowaelemea wazee wengi ni upweke, na nyuma ya upweke huo kulikuwa na makaratasi. Kila manispaa ya Hispania ina daftari la wakazi wake, na fedha inazopata kutoka serikali kuu hutegemea idadi ya watu walioandikwa humo. Kwa miaka mingi wageni wengi hawakujiandikisha. Wengine waliogopa kodi, wengine lugha iliwashinda, wengine waliona hakuna haja. Matokeo yake halmashauri ililazimika kuhudumia watu ambao haikulipwa kwa ajili yao, na siku ya siku haikuwa na anwani zao ili impeleke mtu kugonga mlango na kuuliza kama kuna chakula ndani.

Kwa Waingereza mambo yaligongana vibaya. Mwaka huo huo wa 2020 ulikuwa wa mwisho kuweka makazi kisheria kabla ya kipindi cha mpito cha kujitoa Umoja wa Ulaya kumalizika Desemba 31, na ofisi za kushughulikia hati zilikuwa zimefungwa kwa wiki kadhaa. Mstaafu aliyekuwa ameshasajili fomu ya matibabu ya S1 alitibiwa katika hospitali za umma, na Uingereza ikalipa gharama. Uingereza ilitenga pauni milioni 3 kuwasaidia raia wake waliokuwa hatarini kukwama katika kujiandikisha, wakiwamo wazee na walemavu. Ni jambo jema, ila lilikuja wakati maji yameshafika shingoni. Chanjo zilipoanza kutolewa, aliyekuwa na bima ya kampuni tu, nje ya mfumo wa umma, ilibidi kwanza ahangaike aingizwe kwenye orodha.

Wenyeji nao walikuwa taabani, na haki yao isisahauliwe. Watalii wa kigeni wa Canary waliozidi milioni 13 mwaka 2019 walishuka hadi chini ya milioni 4 mwaka 2020. Mhudumu wa mkahawa aliyekuwa akimletea mzee kahawa alibaki akitegemea posho ya serikali. Mwaka huo huo zaidi ya wahamiaji 23,000 walifika Canary kwa mitumbwi kutoka Afrika, na baadhi yao wakapewa malazi kwenye hoteli zilizokosa watalii. Visiwa vidogo vilibeba mizigo yote hiyo kwa mpigo.

Sasa tutazame kwetu. Aprili 8, 2020, Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, wakati ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimeshasimama tangu mwishoni mwa Machi. Malindi na Watamu, zenye wakazi wengi wa Kiitaliano, ziko ndani ya Kilifi, kwa hiyo nao walifungiwa humo. Zanzibar nayo inampa kibali cha ukaazi mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa, na wazee wanaweza kuwa wateja wazuri wa biashara hiyo. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima anayezuru visiwa hivyo analipia bima ya dola 44, lakini bima hiyo ni ya msafiri, ya miezi mitatu. Mwenye nyumba kijijini Paje anayetaka kuzeekea hapo anahitaji mpango mwingine kabisa.

Kuwakaribisha si kosa, na fedha yao ni halali. Kosa ni kuuza nyumba bila kuuliza nani atamuuguza mnunuzi akifika miaka 80. Kibali cha ukaazi kitolewe pamoja na bima ya afya inayohuishwa kila mwaka, jina na simu ya ndugu wa kupigiwa, na maelekezo ya azikwe wapi na kwa gharama ya nani. Nakala moja ibaki kwa sheha, si kwenye kabati la mamlaka ya uwekezaji mjini. Na mauzo hayo yachangie kitu kwenye kituo cha afya cha shehia husika, kwa kuwa ndicho kitakachompokea mzee huyo usiku wa kwanza presha itakapopanda, sawa na kinavyompokea mvuvi wa jirani yake.